Chini Kwangu, Juu Kwake

Iko siku moja ambayo umri haujanifutia, mwanangu: siku niliyofunga ngazi ya nyumba yangu kwa kufuli, nikautia ufunguo katika pindo la leso, nikaenda zangu jikoni nikijiona mshindi. Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na nilikuwa na wiki mbili tu tangu nipewe talaka.

Nitakueleza kwa mpango, maana jambo hili likielezwa ovyo kila mtu husikia upande aupendao.

Nyumba ni hii hii nikaayo sasa, hapa Langoni. Baba yangu alinipa nilipoolewa, kama ilivyo desturi yetu hapa Amu, mnapopaita Lamu: binti huolewa na nyumba yake, na mume ndiye ahamiaye. Ndoa ikivunjika, mume huchukua sanduku lake akatoka. Hilo halina ubishi. Lenye ubishi ni hewa. Kwetu sisi mwenye nyumba anamiliki pia hewa iliyo juu yake, na aweza kumuuzia au kumpa mtu mwingine ajenge hapo juu. Baba alinipa nyumba; hewa alibaki nayo mwenyewe. Ndiyo maana utaona nyumba moja ina wenyewe wawili, mmoja chini na mmoja juu, wakaishi hivyo mpaka wakazikwa bila kugombana. Au wakagombana.

Athmani, mume wangu, alikuwa fundi wa mashine za boti. Kazi yake ilikuwa Mtangawanda, kule kisiwani Pate zinakofikia boti za abiria, na nyumbani akija kila Alhamisi, mikono ikinuka dizeli hata baada ya kuoga mara mbili. Kwa miaka tisa alichokipata alikipandisha juu: mawe ya Manda, chokaa, boriti, mlango mmoja leo na dirisha jingine mwakani. Vikatoka vyumba viwili na ukumbi mdogo wenye upepo. Miaka hiyo tisa mimi nikalisha nyumba na kulipa karo za watoto watatu kwa kushona kofia na kuuza mahamri. Hatukuandika kitu. Nani huandikiana na mumewe? Waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wajinga, lakini mtu akiwa ndani ya mapenzi methali huziona ni za jirani.

Kisha akaoa Siyu, mji mwingine wa kisiwa kile cha Pate, kwa siri. Habari sikuipata kwake. Niliipata kwa muuza samaki, aliyenipimia changu wangu, akaniuliza kwa adabu, "Bi Zuhura, na mwenzio wa Siyu hajambo?" Nikamjibu hajambo. Nikalipa, nikarudi nyumbani, nikawasafisha samaki wale mpaka wakabaki miiba.

Hapo sitakaa sana. Mke wa pili si haramu; siri ndiyo iliyonikata. Tulijaribu mwaka mzima kuishona nguo ile na kila siku ikachanika mahali pengine. Mwisho nikaomba talaka, akanipa, ikaandikwa kwa kadhi. Ndoa ikawa imekwisha. Nyumba haikwisha.

Basi Alhamisi ile Athmani akaja kama alivyozoea, akaikuta ngazi imefungwa.

"Nifungulie."

"Nikufungulie wapi?"

"Juu. Juu kwangu."

"Juu kwako kuko Siyu," nikamwambia. "Hapa ni kwa baba yangu, chini yake na hewa yake."

Akasema, taratibu, "Babako mwenyewe alinipa hewa. Aliniambia nijenge."

"Nani alisikia?"

"Wewe," akasema. "Ulikuwa ukitupakulia wali."

Nikasema, "Sikumbuki."

Mwanangu, nilikuwa nakumbuka. Nilikumbuka hata sahani. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, baba tayari yu mgonjwa, anakula vijiko viwili anapumzika. Akamwambia, "Athmani, hewa ile nimekupa, wewe na wanao. Jenga, wajukuu wangu wasilale wamebanana." Karatasi haikuandikwa. Baada ya miezi minne baba alifariki. Walioyasikia maneno yale tulikuwa watatu tu: Athmani, mimi, na shangazi yangu Bi Mwanatumu aliyekuwa jikoni akikuna nazi.

Athmani hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi mawe ni yangu. Nitayachukua, jiwe kwa jiwe."

Nilidhani ni maneno. Jumamosi asubuhi akaja na vibarua wanne na punda sita wenye mashogi matupu, makapu ya kubebea mawe. Wewe wazijua njia zetu zilivyo nyembamba: punda mmoja akisimama, mwenye kapu humngoja. Sita wakasimama. Upande mmoja wa njia ukakwama na upande wa pili ukakwama, na kila aliyekwama akawa na rai yake kuhusu ndoa yangu.

Jirani mmoja bibi kizee akapaza sauti, "Athmani! Kama mwavunja, vunjeni upesi. Na kama hamvunji nipisheni, nina wali mekoni!"

Kibarua mmoja wa Matondoni, ameegemea ukuta anatafuna mua, akamjibu, "Bi, sisi twalipwa kwa siku. Hatuna haraka."

Watu wakacheka. Mimi nilisimama mbele ya ngazi na watoto wangu nyuma yangu, sina kicheko. Binti yangu Maryamu, alikuwa na miaka kumi na mmoja, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, wakitoa mawe ya juu, sisi twalala wapi?" Kitanda chake kilikuwa huko juu. Katika hesabu zangu zote za ushindi, hicho kitanda nilikuwa sijakihesabu.

Aliyetuokoa alikuwa Mwalimu Shee. Alikuwa ameshastaafu kufundisha, akiishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na watu walimpelekea magomvi yao ya ndoa na mirathi kwa sababu mbili: alikuwa amesomea kazi ya kupatanisha, na hakupitisha neno barazani. Siku ile alikuwa akitoka kununua mkate tu. Akajipenyeza katikati ya punda mpaka akatufikia.

"Athmani, hawa umewalipa?"

"Nusu."

"Wape na nusu iliyobaki, waende. Hasara hii ni ndogo kuliko ile unayoitafuta." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Zuhura, sitakwambia ufungue. Lakini ufunguo huo nipe mimi."

Nilijiona nimenyang'anywa. Sasa najua ilikuwa hatua ya kwanza ya busara: kitu kinachogombewa kiwe mikononi mwa asiyekitaka.

Kwa kuwa nilikuwa edani, vikao vilifanyika kwangu, katika daka, pale ndani ya mlango wa mbele penye mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana. Athmani akakaa upande mmoja na ami yake, mimi upande wa pili na shangazi Bi Mwanatumu, Mwalimu kwenye kiti kati yetu. Ngazi iko hapo ubavuni na kufuli lake, sote twaliona. Mlango wa nje ukafungwa, ingawa sina shaka kwamba nyuma yake palikuwa na masikio.

Mwalimu alianza hivi: "Mimi si kadhi. Mkitaka hukumu, kadhi yupo na njia mwaijua. Kazi yangu ni kuwafanya msikizane mpaka mpate neno lenu wenyewe. Dini imewaruhusu kuachana, na imewataka muachane kwa wema. Anayesema asikatizwe. Linalosemwa hapa lisitoke. Na mzee mmoja tu kila upande, basi."

Hili la mwisho lina maana. Kabla yake kaka zangu na jamaa zake walikuwa wamekutana mara mbili. Mara ya kwanza walizungumzia nyumba. Mara ya pili walizungumzia babu wa nani alimkopa babu wa nani mtumbwi. Penye wengi pana mengi, na mengi yale hayakuwa yetu. Huyu ami yake Athmani alifaa sana: alisinzia vikao vyote, akiamka kwa kahawa.

Neno la pili la Mwalimu lilinichukiza. "Kabla ya kusema nani apate nini," akasema, "tujue kilichopo ni nini. Aje mthamini wa majengo aipime nyumba. Aje mhasibu akae na kila mmoja wenu aandike kilichoingia na kilichotoka. Mtawalipa nusu kwa nusu."

Nikaruka. "Tumlipe mgeni atuhesabie sufuria zetu? Si aibu hiyo?"

"Punda sita njiani ndiyo sitara?" akaniuliza.

Mthamini alikuwa Bwana Mutua, mtu wa Machakos aliyekuwa na ofisi ng'ambo, Mokowe. Alikuja na utepe wa kupimia na daftari, akaomba ruhusa ya kupanda. Mwalimu akafungua kufuli, akangoja, akalifunga tena. Bwana Mutua alikagua nyumba nzima siku moja, akagonga kuta, akatazama boriti kwa tochi. Kisha akaketi.

"Mama, kusema ukweli hii kesi ni rahisi," akaniambia. "Mwenye hati ya chini ndiye mwenye jengo lote. Huku juu pia ni kwako."

Moyo wangu ukacheza. Mwalimu akakohoa. "Bwana Mutua, huku kwetu hewa hutolewa."

"Hewa? Hii ya kupumua?"

"Hiyo hiyo. Huuzwa, hupewa mtu zawadi, hurithiwa."

Bwana Mutua akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayechezewa shere. Alipoona hakuna anayecheka ila ami, naye alikuwa akicheka usingizini, akafungua ukurasa mpya. Namheshimu mpaka leo kwa ukurasa ule. Mjuzi wa kweli ni yule akiambiwa asichokijua huandika. "Sawa," akasema. "Basi nitathamini mara mbili: chini peke yake, juu peke yake. Lakini lazima niulize. Aliyejenga juu alipewa hewa na nani?"

Athmani akasema, "Na babake."

Bwana Mutua akanigeukia. Nikasema mara ya pili, mbele ya watu watano, "Sikumbuki." Shangazi hakuinua uso.

Kabla ya kuondoka Bwana Mutua aliongeza jambo. Alisema mafundi walipojenga juu walikwangua tabaka la chokaa lililokuwa likizuia mvua isiingie chini. "Mkibomoa juu," akasema, "masika mbili tu na kuta za chini zitaanza kumong'onyoka. Bwana atabaki na mawe, Mama atabaki na tope. Nyumba haitakuwepo." Athmani akainamisha kichwa. Miaka tisa ya kazi alikuwa tayari kuimaliza kwa siku moja na hakujua angemaliza na nyumba ya watoto wake.

Kikao kikaahirishwa wiki moja. Siku ya pili yake, alasiri, shangazi aliniita jikoni kwake. Alikuwa akichambua mchele na hakuacha kuchambua.

"Ndoo uketi," akasema, yaani njoo. Nikaketi. Akachambua ungo mzima kwanza. Kisha akasema, kwa Kiamu chake kile, chini ni tini na juu ni yuu, ambacho nyinyi vijana mwakiacha kipotee, "Nalikuwapo, Zuhura. Nalikuwa nikikuna nazi. Babako alimpa ajenge yuu."

Akapepeta ungo mara moja.

"Tini ni kwako, hapana akataaye. Yuu ni kwake na wanawe."

"Shangazi, alinificha mke mzima! Na mimi nisimfiche neno moja?"

"Neno lile si lako," akasema. "Ni la babako. Alikuamini ulihifadhi, nawe walila."

Nikalia. Nilipomaliza nikamwambia, "Basi sema wewe. Wewe ni mzee, watakuamini."

Akatikisa kichwa. "Nikiulizwa, nitasema, sitabeba uongo mimi na kaburi li karibu. Ila ujue: nikisema mimi, utakuwa umeshindwa. Ukisema wewe, utakuwa umetoa." Akanipa ungo. "Haya, nawe chambua. Macho yako yaona kuliko yangu."

Sikuwahi kukemewa zaidi ya hivyo na sikuwahi kukemewa kwa upole zaidi ya hivyo.

Kikao kilichofuata nilitangulia kusema kabla Mwalimu hajamaliza dua. Nikasema, "Baba alimpa hewa. Mimi nilisikia. Nilikuwa nikipakua." Nilidhani anga litaanguka. Kilichoanguka ni mabega ya Athmani, kama mtu aliyetuliwa gunia. Hakunishukuru. Akasema tu, "Ahaa." Bwana Mutua hakuwapo siku hiyo, lakini karatasi zake zilikuwapo, thamani mbili kama alivyoahidi.

Aliyekuwapo alikuwa mhasibu, kijana wa kike mpole kutoka Kizingitini, ambaye kwa siku tatu alikuwa amenikalisha na kuniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mahamri mangapi kwa siku? Kofia moja huchukua muda gani? Nani alilipa karo ya Maryamu, muhula gani? Nilishangaa kujiona katika tarakimu. Akasoma mbele yetu: mume amejenga, naam, kwa sababu mke alilisha. Pesa za mawe hazikuhitajika sokoni kwa kuwa soko lilikwishalipwa.

Kisha akamgeukia Athmani. "Ndugu, hapa pana pengo. Mashine ya kwanza ya karakana yako Mtangawanda ulinunua kwa pesa gani?"

Athmani alikuwa amewaambia watu siku zote kwamba aliinunua kwa akiba yake. Akatazama ngazi. Akatazama mikono yake. "Vikuku vya mke wangu," akasema. Halafu akajisahihisha, sauti imepungua: "Vya huyu. Alinipa nikauze."

Hakuna aliyemlazimisha. Mimi naamini kwamba kama nisingetoa langu, naye angeendelea kulifunika lake, tukaenda hivyo, kila mtu ameketi juu ya chungu chake, mpaka wajukuu. Mficha uchi hazai.

Kutoka hapo mambo yakawa kazi tu, na kazi ina mwisho. Tulikubaliana hivi. Juu ni kwake, kama marehemu alivyosema, lakini hatabomoa wala hatauza. Vikuku vyangu na sehemu yangu ya miaka ile tisa vikatolewa katika thamani ya juu; kilichobaki ndicho haki yake. Chumba kimoja na ukumbi tukampangisha mwalimu wa kike kutoka bara, kodi ikagawanywa: fungu lake mpaka haki yake iishe, fungu la karo. Chumba cha pili kikabaki na kitanda cha Maryamu. Haki ya Athmani ikiisha, juu kunaandikwa majina ya watoto watatu. Masurufu ya eda na baki ya mahari nikapewa kwa muda uliotajwa. Yote yakaandikwa, tukatia saini, na ami akaamshwa kutia yake. Mwalimu akaipeleka karatasi kwa kadhi ipate nguvu ya sheria. Ujira wa mthamini na mhasibu kwa pamoja haukufika gharama ya kubomoa chumba kimoja.

Mwalimu akanirudishia ufunguo. Nilifungua kufuli mimi mwenyewe, nikampisha Athmani apande kuchukua sanduku lake la vyombo, akashuka nalo kama mtu anayelia. Sijui kama alilia. Nimesema tu alivyoonekana. Kufuli lile bado ninalo. Linafunga banda la kuku.

Usidhani tulikuwa marafiki baada ya hapo. Kwa miaka mingi tulisalimiana kama watu wa foleni moja. Lakini fungu la karo halikukosa mwezi hata mmoja, na watoto walikwenda kwa baba yao Mtangawanda wakarudi bila kubebeshwa maneno. Maryamu alipoolewa, nyumba ya juu ikawa yake, ndugu zake wamemwachia kwa radhi. Asubuhi ya harusi nikasikia mtu chini ya ngazi anabisha, "Hodi!" Nilipochungulia nilimwona Athmani, mvi tupu, kanzu nyeupe, anaomba ruhusa ya kupanda vidato alivyovijenga kwa mikono yake.

Nikamwambia, "Karibu, baba Maryamu. Juu kwako."

Akapanda taratibu, akishika ukuta.

Sasa, mwanangu, sikiliza. Sikuombei talaka, namuomba Mola akuepushe nayo, na kama una mbacha wako mzuri usiuache kwa msala upitao. Lakini ikikufika, usiende sokoni na ugomvi wako na usiukabidhi kwa ukoo mzima. Mtafute mpatanishi mmoja asiye na jamaa katika jambo hilo, ajuaye kunyamaza. Kabla ya kudai, jua kilichopo: mlete ajuaye kuthamini, mlete ajuaye hesabu, na ujira wao usiuonee uchungu. Mgeni asiyejua desturi yako mweleze. Akiwa mjuzi ataandika. Yaliyokubaliwa yaandikwe na yapelekwe kwa kadhi au mahakamani, maana moyo wa leo si wa mwakani. Na wewe uliye ndani ya ndoa njema, andika vilevile. Daftari halimtoi mtu mapenzi. Zaidi ya yote, ukiwa na neno la kweli linalompa mwenzio haki yake, litoe wewe mwenyewe kabla hujaulizwa mara ya tatu. Mpimaji hupima mawe. Neno ulilolifungia kifuani hana utepe wa kulipima.

Mola akupe nyumba yenye kivuli chini na upepo juu. Akupe wa kukukemea kwa upole ukiwa bado una nafasi ya kurudi. Na siku mtakapotengana na mtu, kwa kifo au kwa talaka, muwe mmebakisha baina yenu ngazi isiyo na kufuli, watoto wapande na kushuka kwa amani. Amin.